Ua la Pareto: Alkimia ya Kweli Iliyofanyika Nakuru



Vijana wetu wanazijua sana gemu za kompyuta na za simu. Katika zile za ulimwengu wa kubuni, wenye mazimwi na falme zisizo kwenye ramani yoyote, mchezaji huokota maua njiani, akayatia chunguni pamoja na unga wa jiwe, na kufumba na kufumbua ana chupa mkononi. Chupa hii yaponya jeraha, ile yaangusha adui. Kazi hiyo huitwa alkimia. Mwenye kuijua ndiye anayeshinda vita bila ya kuwa na nguvu za mwili.

Sasa swali. Je, kitu kama hicho kimewahi kuwepo duniani kweli? Mtu achume ua, alitoe ndani yake maji ya siri, kisha maji hayo yaangushe maadui kwa maelfu?

Kimewahi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Maua yalichumwa Molo, Elburgon, Mau Summit, Ol Kalou na Kinangop, yakaletwa kiwandani hapa Nakuru mjini. Adui alikuwa mbu, nzi, kiroboto na mdudu wa ghalani. Ua lenyewe ni pareto. Wengi wetu wa umri mdogo tumelisikia jina tu, kwenye kibao cha barabarani au kwenye hadithi za wazee. Hebu tuisome historia yake, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo gemu hazilifundishi.

NENO LENYEWE LATOKA WAPI

Tuanze na jina. Alkimia ni al-kimiya, neno la Kiarabu. Na neno kemia tunalosoma shuleni, ukilifuata nyuma hatua kwa hatua, litakufikisha hapo hapo. Katika karne ya 8 na ya 9, huko Iraq na Uajemi, watu walikaa na matanuri na vyombo vya kukenekea wakijaribu vitu. Vitabu vingi vya elimu hiyo vimeandikwa kwa jina la Jabir ibn Hayyan. Baadaye akaja Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy, aliyeifanya kazi hiyo kwa mpango: akavigawa vitu kuwa vya wanyama, vya mimea na vya madini, akaeleza vyombo na namna ya kuvitumia.

Wengine wao walitafuta njia ya kugeuza shaba iwe dhahabu. Hapo wakapingwa, na waliowapinga ni wanazuoni wakubwa pia. Ibn Sina alikataa kwamba madini moja yaweza kugeuzwa kuwa jingine kwa ufundi wa binadamu. Ibn Khaldun naye, katika karne ya 14, akaikosoa kazi hiyo kwa ukali. Kwa hivyo tangu zamani kulikuwa na njia mbili: ya kutafuta miujiza ya haraka, na ya kukaa na kitu, kukipima, kukichuja, hadi ujue ndani yake mna nini. Gemu zimeirithi ile ya kwanza. Pareto ni mtoto wa ile ya pili.

UA LASAFIRI

Pareto si mmea wa asili wa Kenya. Katika nchi za Uajemi na milima ya Kaukasi watu walikuwa wakisaga maua ya jamii hiyo kuwa unga wa kuua viroboto na kunguni, na Wazungu walipoununua katika karne ya 19 wakauita unga wa Kiajemi. Ndugu yake, lile ua jeupe lenye moyo wa njano tulilolizoea sisi, asili yake ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo iko Kroatia. Ndilo lililoonekana kuwa na nguvu zaidi.

Kutoka huko likafika Japani miaka ya 1880. Mfanyabiashara mmoja, Eiichiro Ueyama, akauchanganya unga wake katika vijiti vya kuchoma, kama udi, mwaka 1890. Lakini kijiti kilikuwa kifupi, kikizimika kabla ya usiku kwisha. Mke wake, Yuki, akatoa shauri kwamba kizungushwe kama nyoka aliyejikunja ili kiwake saa nyingi. Ile dawa ya mbu ya mduara unayoichoma chini ya kitanda imetoka kwenye shauri la mama huyo. Hadi Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyokuwa ikiuzia dunia pareto nyingi kuliko nchi yoyote.

Kenya mbegu ililetwa na walowezi wa Kizungu mwishoni mwa miaka ya 1920, na ikaonekana upesi kwamba nyanda za juu za Bonde la Ufa zinaifaa ajabu. Ua hili linataka mahali pa juu, kama mita 1,800 kwenda juu, na usiku wa baridi. Bila ya baridi hiyo mmea unakua majani matupu tu, maua haba. Halafu hapa karibu na ikweta hakuna msimu wa theluji wa kulilaza, kwa hivyo linachumwa miezi mingi ya mwaka. Baridi ile ya Molo inayotufanya tulalamike ndiyo iliyokuwa utajiri.

NDANI YA UA MNA NINI

Watu walitumia unga huo miaka na miaka bila ya kujua ni kitu gani ndani yake kinachoua. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia wawili, Hermann Staudinger wa Ujerumani na Leopold Ruzicka, wakaanza kuufungua. Ruzicka alizaliwa Vukovar, ambayo leo ni Kroatia, yaani nchi ile ile yenye ua. Kazi yao ikachapishwa mwaka 1924. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zao za kemia, Ruzicka mwaka 1939 na Staudinger mwaka 1953.

Walichokipata ni mchanganyiko unaoitwa pairethrini. Leo twajua kuwa ni vitu sita vinavyofanana, kila kimoja kimeungwa kwa asidi na alkoholi. Karibu vyote vimejificha katika kichwa cha ua, hasa kwenye vijimbegu vilivyo chini ya ule moyo wa njano. Petali nyeupe ni pambo tu. Na kiasi chenyewe ni kidogo: katika kilo 100 za maua makavu, pairethrini ni kama kilo moja hadi mbili.

Zinafanyaje kazi? Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa vijilango vinavyofunguka na kufunga ili chembe za sodiamu zipite. Pairethrini hukishika kijilango kikiwa wazi, kikashindwa kufunga. Mshipa ukawa unapiga kelele bila kunyamaza, mdudu akatetemeka, akaanguka. Binadamu na ng'ombe miili yao huivunja dawa hiyo upesi, kwa hivyo kiasi kinachomwangusha mbu hakitushindi sisi. Samaki lakini huwadhuru sana, ndiyo maana haimwagwi ziwani wala mtoni. Na jua nalo huiharibu kwa muda mfupi. Haikai mchangani miaka.

KUTOKA SHAMBANI HADI PIPANI

Kwenye gemu, hatua kati ya ua na chupa ni kubonyeza kitufe kimoja. Bonde la Ufa hatua zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na mtu.

Kwanza mchumaji, mara nyingi mama na watoto wake. Ua halichumwi likiwa bado limefumba, wala likishazeeka. Linachumwa moyo wake wa njano ukiwa umefunguka sehemu kubwa, na shamba lile lile linarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Hakuna mashine hapo, ni vidole na kikapu. Halafu maua yanaanikwa. Yakirundikwa yakiwa mabichi yanapata joto na kuoza, dawa ikapotea. Kilo nne au tano za mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu.

Makavu yakapelekwa chamani, kutoka chamani hadi Nakuru. Kiwandani yalisagwa, kisha yakaoshwa kwa heksani, kiowevu cha jamii ya petroli kinachoyeyusha pairethrini na kuacha takataka nyingine. Heksani ikavukizwa na kurudishwa kazini, yakabaki mafuta mazito ya rangi ya giza. Hayo nayo yakasafishwa hadi yakawa mepesi na ya manjano, tayari kutiwa mapipani na kupelekwa Ulaya na Marekani. Hata machicha hayakutupwa, yaliingia kwenye dawa za mbu za kuchoma na kwenye chakula cha ng'ombe.

Mtaona basi, Jabir na al-Razi wangeingia katika kiwanda kile wangeielewa kazi: kusaga, kuyeyusha, kuchuja, kuvukiza, kupima.

VITA, SIMSIM NA KOPO LA KUPULIZA

Japani ilipoingia vitani mwaka 1941, nchi za upande wa pili zikakosa pareto yake. Na majeshi yao yalikuwa misituni, yakiuawa na malaria. Macho yote yakageukia Kenya. Ua la Nakuru likawa kitu cha vita.

Lakini pareto ilikuwa haba na mdudu mwingine alikuwa mjanja. Anaanguka, kisha mwili wake unaivunja dawa, anaamka na kuruka. Watafiti wa Marekani wakagundua kwamba ukichanganya pareto na mafuta ya simsim, nguvu yake inaongezeka sana. Simsim peke yake haiui. Inachofanya ni kumzuia mdudu asiivunje dawa. Mwaka 1941 Lyle Goodhue na William Sullivan, wa idara ya kilimo ya Marekani, wakatia pareto na simsim katika kopo la chuma pamoja na gesi iliyobanwa. Ukifungua, ukungu unatoka. Kopo zile zilikwenda na askari kwa mamilioni, na makopo yote ya kupuliza tunayoyaona madukani leo, hata ya manukato, ni wajukuu wake.

Vita vilipokwisha ikaja DDT, rahisi na yenye kudumu. Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, alitunzwa Nobel mwaka 1948. Wengi wakadhani pareto imekwisha. Lakini sifa ile ile ya kudumu ikawa balaa: DDT ilikaa mchangani na katika miili ya ndege na samaki, na Marekani ikaipiga marufuku mashambani mwaka 1972. Dunia ikarudi kuitafuta dawa inayoua na kuondoka.

MZANI USIOONEKANA

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Zamani pareto ilikuwa ya walowezi. Mwafrika aliichuma kwa ujira, hakuruhusiwa kuwa na yake. Katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima Waafrika wakaanza kupewa nafasi katika mazao ya biashara. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba makubwa yakagawanywa, na pareto ikawa zao la mwenye ekari mbili tatu. Ilisomesha watoto na kujenga nyumba za mabati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifika takriban tani 17,000 za maua makavu kwa mwaka, na Kenya ikawa inatoa zaidi ya thuluthi mbili ya pareto ya dunia nzima.

Sasa fikiria mkulima huyo alikuwa anauza nini. Anayeuza viazi, wewe na yeye mnaviona. Anayeuza maziwa, kipimo kiko mbele yenu. Mkulima wa pareto alilipwa kufuatana na kiasi cha pairethrini kilichomo katika maua yake, na kiasi hicho hakionekani kwa jicho, hakinuswi, hakipimwi kwa mkono. Kilipimwa maabara, Nakuru, yeye akiwa shambani kwake Molo au Kinangop. Alipeleka gunia, akarudi na karatasi. Kisha akangoja: maua yapimwe, yasagwe, mafuta yauzwe ng'ambo, pesa zirudi, ndipo alipwe.

Biashara nzima basi ilisimama juu ya kitu kimoja kisichokuwa kwenye chupa yoyote, nacho ni amana. Mkulima amwamini mpimaji, mpimaji amwaminie mkulima kwamba hakuchanganya majani, na wote waiamini Bodi ya Pareto, iliyokuwa peke yake ndiyo yenye haki ya kununua. Sisi madrasa tumefundishwa tangu utotoni kwamba ujira haucheleweshwi na mzani haupunjwi, hadi iko sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao, al-Mutaffifin. Kumbe hayo si maneno ya sokoni tu. Yanaingia hadi maabara.

KILICHOVUNJIKA

Kuanzia miaka ya 1990 malipo yakaanza kuchelewa. Mwezi ukawa miezi, na kwa wengine miezi ikawa miaka. Uongozi mbaya, madeni, na soko la dunia kuyumba, vyote vilichangia. Wakati huo huo dawa za kuigiza pareto zilizotengenezwa maabara, kama permethrini aliyoitengeneza Michael Elliott wa Uingereza mwaka 1973, zilikuwa za bei nafuu na hazikuharibiwa upesi na jua. Tena kukawa na fujo za mashamba Molo na jirani zake mwaka 1992, na zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wakahama na kuacha mashamba.

Mkulima akafanya hesabu yake. Ua ambalo halimlipi la nini? Akang'oa pareto akapanda viazi, mahindi, au akafuga ng'ombe wa maziwa, ambaye humlipa kila mwezi. Katika miaka ya 2000 mavuno yakaporomoka hadi sehemu ndogo sana ya yale ya zamani. Wanunuzi wa ng'ambo nao hawakungoja. Kisiwa cha Tasmania huko Australia, ambako maua huvunwa kwa mashine, kikachukua nafasi ya kwanza, na Tanzania na Rwanda zikaendelea na zao.

Angalia jambo hili vizuri. Pairethrini haikupungua nguvu. Baridi ya Molo haikuhama. Heksani ilijua kazi yake, na mbu hakuacha kuanguka. Kemia yote ilikuwa salama. Kilichovunjika ni ahadi kati ya aliyechuma na aliyenunua. Chungu kilikuwa kizima, moto ulikuwapo, lakini mwenye maua akaondoka.

LEO

Mwaka 2013 sheria mpya ilimaliza ile hali ya mnunuzi mmoja, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua na kusindika. Tangu hapo serikali za kaunti, Nakuru ikiwemo, zimegawa miche, na baadhi ya wakulima wamerudi. Warudi kwa tahadhari, na huwezi kuwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nayo haja ya dawa haijaisha. Vyandarua vilivyotiwa dawa, ambavyo Kenya iliwagawia watoto wadogo bila malipo kwa mamilioni mwaka 2006, vina dawa za jamii ya permethrini, watoto wa maabara wa ua letu. Mbu wameanza kuzizoea, hawafi kama zamani. Dawa moja iliyopatikana ni ile hekima ya simsim: kitu kiitwacho PBO, kilichobuniwa miaka ya 1940 kufanya kazi ya simsim kwa nguvu zaidi, sasa kinatiwa katika vyandarua vipya. Shirika la Afya Duniani lilivipa idhini yake mwaka 2017. Jambo lililogunduliwa kwa ajili ya pareto vitani linamkinga mtoto wa leo.

Basi kijana, gemu ukimaliza kucheza, mtafute mzee mmoja aliyelima pareto, hawa wako wengi bado kuanzia Njoro hadi Kinangop. Muulize ua huchumwa likiwa vipi, muulize lilivyoanikwa, muulize na karatasi zake za malipo. Na wewe unayesoma kemia chuoni, au unayeota kufungua kiwanda siku moja, wekeni akilini kwamba kuchanganya dawa ni kazi inayofundishika. Mwenye kuleta maua atarudi msimu ujao akiwa amelipwa haki yake kwa wakati wake, na asipolipwa hakuna fomula itakayomrudisha.

Wabillahi tawfiq.